Dalili Ziko, Shida Hakuna

Mwaka ule binti yetu wa kwanza alikuwa darasa la sita la sekondari, mwaka wa mtihani wa Serikali, na mimi nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mwaka huo niwe mama wa watoto wangu, basi. Nilikuwa nimechoka kuwa mama wa baba yao.

Msinitazame vibaya. Mume wangu si mlevi, hapigi mtu, hana nyumba ya pili kule Mangobo. Anafundisha fizikia, na anaijua hasa, hata wanafunzi wake wa zamani humsimamisha njiani ng'ambo ya mto, Lubunga, wakampa mkono. Lakini kumtafutia ufunguo, kumwambia kwamba kiatu cha kulia na cha kushoto si ndugu, kumrudisha kutoka barabarani kwa sababu simu imebaki juu ya ndoo ya maji, kumuuliza kama amekula na kukuta hajui, hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kila siku ya Mungu, miaka kumi na tisa. Ushonaji ulikuwa kazi ya pili. Ila ushonaji ndio watu walioujua.

Na niseme la aibu zaidi, maana sasa sina cha kuficha. Kila mwisho wa muhula alikuja nyumbani na gunia la karatasi za wanafunzi. Alisahihisha kumi, vizuri ajabu, akimwandikia kila mtoto maneno mengi pembeni: umepotea hapa, rudi pale, fikiri hivi. Kisha akainuka kutafuta kalamu nyekundu. Ukimfuata utamkuta kwa jirani amefungua redio ya watu vipande vipande, anafurahi kama siku ya Idi. Nikajifunza kuketi naye. "Papa, hii. Sasa hii." Yeye akatoa pointi, mimi nikaandika kwenye buletini, zile karatasi za matokeo, kwa mkono wangu. Shuleni kwao alisifiwa mbele ya wenzake kuwa ndiye mwalimu ambaye buletini zake hufika kabla ya zote. Alirudi akanisimulia sifa hiyo kama habari mpya, na mimi nikampongeza.

Sasa siku moja nilikuwa kwenye cherehani yangu ya pedali, kwani ukingojea courant, umeme wa Tshopo, nguo za watu zitashonwa na wajukuu. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Akaja daktari wa kichwa, mtu wa sauti ya pole, akaeleza kwamba kuna ugonjwa wa watu wasioweza kushika fikira zao mahali pamoja, na kwamba si wa watoto tu, watu wazima pia wanao. Akataja dalili. Anaanza jambo halimalizi. Anapoteza vitu. Unamwita, masikio mazima, lakini hasikii. Umemwambia sasa hivi, limekwisha mtoka. Saa zinampita bila kuaga. Kila alipotaja moja mguu wangu ulisimama juu ya pedali, hata nikajikuta nimeacha kushona kabisa, nimeinamia redio kana kwamba mtu huyo alikuwa amelala chini ya kitanda changu miaka yote akisikiliza.

Nilicheka, halafu nikalia. Nilifikiri hivi: kama ni ugonjwa, una dawa. Kama una dawa, mwaka huu nitakuwa na mikono miwili kwa ajili ya binti yangu.

Daktari huyo alikuja mjini mara moja kwa mwezi, kwenye kituo kimoja cha afya cha Makiso. Ningeweza kumchukua mume wangu tukaenda sisi wawili. Ningeweza! Lakini kwetu ugonjwa wa mwanaume ni wa familia yake, si wa mke. Mke akimpeleka mumewe kwa daktari wa kichwa peke yake, kesho utasikia kwamba anataka kumtangaza kichaa abaki na kiwanja. Na hao wakwe zangu ni familia ya zamani ya mji huu wa Kisangani, Waislamu ambao mababu zao walikuja na wafanyabiashara wakati wa misafara. Viwanja vimekwisha, imebaki heshima, nayo wanailinda kwa macho makali. Mimi ni mtu wa Kindu, mgeni. Kwa hiyo nilifanya kama desturi inavyotaka: nilikwenda kwa dada yake mkubwa, ambaye sote tunamwita Yaya, nikamwomba atusindikize.

Alinisikiliza hadi mwisho huku akimenya makemba, ndizi za kupika. "Nitakuja," akasema. "Lakini muangalie mudomo yenu. Ndugu yangu haiko mutu wa kuzungushwa mu ma-hôpital."

Yaya huyu ndiye aliyeniingiza chumbani siku ya ndoa yangu. Wanawake wengine walininong'oneza yale wanayonong'onezwa mabibi harusi. Yeye alinishika mkono tu akaniambia: "Kila asubuhi, mufuko yake. Angalia mbele atoke." Yaani niukague mfuko wa mume kabla hajatoka; nilidhani ni wasia kama wasia mwingine. Nilikuwa na miaka ishirini, ningejua nini?

Daktari alikuwa na karatasi ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa dalili, akamuuliza mume wangu mwenyewe. Akajibu bila kuficha, tena kwa kicheko. Ndiyo, anapoteza vitu. Ndiyo, anasahau. Ndiyo, anaanza kumi anamaliza moja. Hata Yaya alikubali kwamba utotoni alipoteza malapa ya miguuni kila Ramadhani na kusahau ubao wake wa chuo cha Kurani njiani, ndiyo maana yeye alikuwa anamfuata nyuma. Kalamu ya daktari ilikwenda tiki, tiki, tiki. Moyo wangu ukapanda. Nikasema, leo tumefika.

Kisha akageuza karatasi. "Bon. Dalili peke yake haitoshe," akasema. "Mutu anaweza kusahau ufunguo kila siku na bado maisha yake inatembea. Mi siandike ugonjwa juu ya dalili tu. Inapashwa nione kama ile dalili inamuaribia maisha: ku nyumba, ku kazi, na kati ya batu. Ni sawa vile mvua. Mvua kunyesha haiko shida. Mi nauliza kama nyumba inavuya. Donc page ya pili atajaza mama, ni yeye njo anaishi naye."

Akamuuliza mume wangu kwanza: "Ku kazi kuko shida?"

"Hata kidogo, Dokta. Buletini zangu njo zinafika za kwanza."

Na hakuwa anadanganya! Hicho ndicho kilichoniuma. Alisema kwa moyo mweupe, akanigeukia akatabasamu, kama mtoto anayemwonyesha mama yake daftari safi.

Nikapewa kalamu ya Bic. Je, huchelewa kazini? Je, kazi zake hufika kwa wakati? Je, amewahi kupewa barua ya lawama? Je, watoto wamewahi kupata hasara kwa sababu yake? Nikamtazama Yaya. Alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake, haniangalii, na kule kutoniangalia ndiko kulikuwa amri. Mke hamvui nguo mumewe mbele ya dada yake. Hamvui mbele ya mtu, lakini mbele ya dada yake ni kumvua mama yake pia na baba yake aliye kaburini. Nikaandika, nikitamka kwa sauti ya chini: hapana. Hapana. Hapana. Kwenye swali la nyumba niliandika "kidogo." Yaya akakohoa. Nikalifuta neno nikaandika hapana.

Nikautafuta ukurasa mzima, mstari kwa mstari, kama kuna mahali pameandikwa: na wewe unayejaza karatasi hii, je, hali yako? Hapakuwa na mstari huo.

Daktari akasoma, akakuna kidevu. "Dalili ziko, tena mingi," akasema. "Lakini shida hakuna. Pasipo shida siwezi andika ugonjwa. Papa iko na tabia tu. Ashukuru Mungu, iko na nyumba ya muzuri. Mambo ikiharibika, murudie."

Tulipotoka Yaya alinishika kiwiko, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Umenichungia ndugu yangu," akasema. Mume wangu alikuwa tayari amesimama kando ya barabara, anamweleza kijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, kwa nini mnyororo wake unalia. Alikuwa na furaha. Hakuwa mgonjwa.

Mimi nilirudi nyumbani na hasira ya kunitosha mwezi mzima. Shida hakuna! Niliirudia sentensi hiyo nikiwa naponda lituma ya ndizi, kila pigo la mchi na neno lake. Shida. Hakuna. Nyumba haivuji kwa sababu kuna mtu amesimama na ndoo tangu siku ya ndoa, na huyo mwenye ndoo ndiye aliyepewa kalamu aandike kwamba pako pakavu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi nikasema sitangoja kifo. Hawaioni shida? Wataiona. Nitaweka ndoo chini.

Sikumwambia mtu. Asubuhi iliyofuata sikutafuta ufunguo, sikugusa simu, sikuuliza alichokula. Wiki ya kwanza niseme ukweli: nilifurahi. Alijifungia nje mara mbili, akaketi kwa jirani akipiga hadithi mpaka watoto wadogo wakarudi kutoka shule. Nilimwachia chungu cha maharage achunge, akaingia kwenye kitabu, makaa yakala maharage yakaanza kula na chungu. Karatasi za kazi ya wanafunzi alizisahau barazani, mvua ikazisoma. Unajua alifanya nini? Aliwauliza wanafunzi maswali yale yale kwa mdomo, wakapenda sana, wakasema ndiyo mtihani bora kuliko yote. Wapi! Mtu huyu hata akianguka huangukia godoro.

Binti yangu ndiye aliyeona. "Mama, sababu gani haumukumbushe tena papa?"

"Papa yako ni mutu mukubwa," nikamjibu.

Alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye masomo yake. Alikuwa anasoma kama mtu anayelima shamba la mwisho. Alitaka kusomea uuguzi, tena hapa hapa mjini, na kila jioni alikariri mifupa ya mwili kwa Kifaransa huku akinisaidia kutoa nyuzi za mishono.

Jumatatu moja alikuja na bahasha ya kaki. Shule ilikuwa inakusanya dosye za kuandikisha watoto kwenye mtihani: picha, cheti cha kuzaliwa, buletini za miaka iliyopita, na karatasi ya kutiwa saini na mzazi. Mwaka uliotangulia wanafunzi walikuwa wameghushi saini za baba zao, kwa hiyo prefe, mkuu wao wa shule, alikuwa ametoa sheria mpya: baba mwenyewe alete, atie saini mezani pake. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana, maana saa saba orodha inakwenda kwa wakaguzi. Binti yangu alipanga kila kitu ndani ya bahasha mwenyewe, akampa baba yake mkononi.

"Papa, Ijumaa saa sita. Lakini usingoje Ijumaa."

"Kesho, mama," akasema. Kwetu baba humwita binti yake mama. "Kesho asubuhi, mbele ya yote."

Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Alhamisi jioni nilikuwa natafuta mkasi wangu nikafungua mfuko wake, nikaiona bahasha imelala kati ya waya na daftari la mwanafunzi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Miaka kumi na tisa mkono huo umekuwa ukifanya kazi hiyo bila kuniuliza. Ningeitoa nikaiweka juu ya viatu vyake. Ningempigia kelele. Badala yake niliufunga mfuko.

Nilijiambia: bado ana asubuhi nzima ya kesho. Na kulikuwa na wazo jingine chini ya hilo, nitalisema kwa sababu Mungu alilisikia. Nilitaka achelewe kidogo. Nilitaka prefe amkaripie, amrudishe nyumbani mara mbili, aje kwangu na aibu ndogo ya kuandikwa kwenye ukurasa wa pili. Shida ndogo, ya kumtosha daktari. Mimi fundi wa nguo nilidhani shida nayo hukatwa kwa vipimo.

Ijumaa asubuhi alikunywa chai amesimama, akavaa mfuko mgongoni, akafika mlangoni. Akageuka. Kila asubuhi ya ndoa yetu aligeuka pale pale akauliza swali lile lile.

"Mama, kuko kitu nasahau?"

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Sikuinua macho. "Sijue," nikasema. "Weye njo unajua."

Akasimama kidogo, nikasikia anapapasa mifuko ya suruali. Kisha akatoka.

Saa nane binti yangu aliingia akiwa amevimba macho. Alikuwa amesimama kwenye lango la shule tangu saa nne, akitazama barabara. Prefe alitoka mara mbili kumuuliza, naye mara mbili akajibu kwamba papa yuko njiani. Saa saba gari la orodha likaondoka. Nikatupa nguo ya watu chini, pini zote zikamwagika, nikapiga simu ya mume wangu. Ikalia nyuma yangu, juu ya ndoo ya maji.

Alirudi saa kumi, anapiga mluzi. Nguo zilikuwa na unyevu na macho yanang'aa. Alikuwa amewapeleka wanafunzi wake kwenye maporomoko, waone kwa macho jinsi maji yanavyogeuka kuwa mwanga, na walikuwa wameelewa, wote, hata wale wa nyuma, wakampigia makofi. Aliyasema hayo yote kabla ya kuona nyuso zetu.

"Papa," binti akasema, "dosye."

Aliuvua mfuko polepole. Akaifungua zipu. Bahasha ilikuwa ndani, safi, hata haijakunjika pembe. Siku nzima alikuwa ameibeba mgongoni. Kwenda kwenye maporomoko alipita mbele ya shule ile ile, kwenda na kurudi.

Alikimbia. Alipanda toleka, akakuta mlinzi peke yake anakula. Jumatatu tulikwenda sote watatu, na Yaya, tukasimama mbele ya meza ya prefe kama watu wa msiba. Prefe hakuwa mtu mbaya. Alisema alingoja mpaka dakika ya mwisho, alisema mtoto ni wa kwanza darasani na roho inamuuma, alisema orodha ikishafika kwa wakaguzi haiongezwi jina. Mwaka kesho.

Lakini mimi nataka kusema habari ya Ijumaa ile ile, saa kumi na moja, alipokuwa amerudi kutoka kwa yule mlinzi. Aliketi chini barazani, mtu mzima, akalia. Na katikati ya kilio akaniuliza: "Sababu gani haukunikumbusha? Si nilikuuliza?"

Yote yaliyokuwa yamejaa kifuani mwangu yalitoka. Nikamwambia miaka kumi na tisa nimekukumbusha! Nimekukumbusha kula, nimekukumbusha viatu, nimekukumbusha majina ya watoto wako mwenyewe! Siku moja, siku moja tu nimefunga mdomo! Majirani walisikia, wasikie. Nilikuwa na haki, na nilipiga kelele kama mtu mwenye haki.

Kisha nikasikia sauti ya binti yangu nyuma yangu, ya chini kabisa. "Papa aliuliza?"

Nikageuka.

"Mama. Papa alikuuliza asubuhi, na weye ulijua?"

Nilimwambia sikujua. Ndiyo uongo wa pekee niliomwambia mtoto huyu maishani, na hakuuamini hata dakika moja.

Mwezi ulipofika tukarudi kwa daktari. Yaya alikuja tena. Nikapewa karatasi ile ile, kalamu ya aina ile ile. Ndiyo, nikatamka nikaandika. Ndiyo. Ndiyo. Yaya hakukohoa. Kwenye swali la watoto na hasara niliandika kwa mwandiko wangu wa buletini, ule uliomletea mume wangu sifa: mtoto wetu amepoteza mwaka wake wa mtihani.

Daktari alisoma, akatikisa kichwa juu chini kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. "Bon. Sasa iko clair," akasema. "Ile mara ingine dalili zilikuwa zenyewe tu. Sasa shida inaonekana. Hii mambo ilianza lini?"

"Tangu niliacha."

"Uliacha nini?"

Nikamweleza. Ufunguo, viatu, karatasi, buletini, yote, mbele ya mume wangu na dada yake. Sikuacha hata uzi. Mume wangu alikuwa anatazama mikono yake. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, ulipashwa kuniambia hivi mara ya kwanza."

"Dokta, haukuuliza nani anafanya. Uliuliza tu kama inafanyika."

Akaiinua tena kalamu. Akaandika jina la ugonjwa kwa Kifaransa, jina refu, akapiga muhuri. Ile karatasi niliyoitaka tangu siku ya redio ilikuwa sasa mbele yangu. Nikamuuliza dawa. Akasema dawa zake hazipatikani kwenye maduka ya Kisangani, na hata Kinshasa ni bahati. Lakini kuna mengine yanayosaidia, na hayo ameyaandika kwa chini. Nikasoma. Simu iwekwe saa ilie. Vitu vikae mahali pamoja. Ratiba ibandikwe ukutani. Na mstari wa mwisho: mtu wa karibu amsaidie kupanga kazi zake za kila siku.

Niliusoma mara tatu. Kisha nikacheka, kicheko kibaya, hata mwuguzi akachungulia mlangoni. Mwaka wa mtoto wangu nimeutoa sadaka, na dawa niliyoandikiwa ni mimi.

Njiani Yaya alitembea nami mpaka karibu na soko. Kisha akasema bila kunitazama: "Miye niliachia masomo mu mwaka ya ine. Ya primaire. Kila siku nilirudi nyumba kuchukua kitu alisahau, nikafika ku masomo mulango imefungwa. Papa akasema, basi, weye umusindikize tu ndugu yako." Akavuta mtandio wake. "Nilimubeba mpaka ukakuja."

Nilitaka kumuuliza kwa nini basi alikohoa. Kwa nini aliniacha niandike hapana, yeye aliyejua kuliko wote. Lakini alikuwa mwanamke wa miaka sitini asiyejua kusoma bango la duka lililokuwa mbele yetu, na nikaona kwamba kikohozi kile kilikuwa ndicho kitu pekee alichobakiza: kwamba ndugu yake ni mzima, na kwamba shule aliyoiacha yeye haikupotea kwa bure. Hasira ilinibaki, lakini sikujua niipeleke wapi.

Binti yangu alikaa darasani mpaka Pasaka. Wenzake walipoanza kugawana namba zao za viti vya mtihani akaacha kwenda. Aliketi nami kwenye cherehani akifunga pindo, hanisemeshi zaidi ya "mkasi" na "uzi." Siku matokeo yaliposomwa na mji mzima ukawa unga, vijana wamemwagiana unga kichwani kwa furaha, yeye alifunga dirisha akaendelea kushona. Sikuwahi kumwomba msamaha. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili nilijikuta naanza na habari za baba yake.

Septemba nilifumua pindo la sketi yake ya bluu ya shule ili imfae mwaka mwingine. Asubuhi ya kwanza ya shule niliamka mapema. Nilikuwa nimeamua kurudi kwenye kazi yangu ya kwanza bila kinyongo, nimesema nitashika ndoo yangu mpaka nife, mradi isishikwe na mtoto. Nikapika chai. Nikatoka jikoni nikafuta mikono.

Walikuwa mlangoni wote wawili. Baba amesimama wima kama anapimwa suti, na binti yangu, ndani ya sketi ile, amefungua mfuko wa baba yake anapekua ndani.

"Papa, ufunguo. Iko. Papa, simu? Enda kuchukua, iko juu ya ndoo. Papa, karatasi za wanafunzi?"

Nikavuka chumba upesi. Nikaushika mfuko. "Wacha," nikamwambia. "Iko kazi yangu. Weye uende masomo."

Hakuuachia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinitazama kama mtu anayemweleza mgonjwa jambo rahisi.

"Mama, weye uliacha," akasema. "Tuliona."

Akafunga zipu, akamvalisha baba yake mfuko mgongoni, wakatoka. Kengele ya shule ya binti yangu ilikuwa imekwisha lia.